Jasho la Jumapili: jinsi nilivyopata tandiko linalomkaa farasi wa marehemu

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa sijanywa kitu. Asiyeamini asome tu, angalau atajua kuchagua tandiko.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaenda kufanya kazi kwenye shamba la ng'ombe huko Kipese, ili wadogo zangu wasiache yao.

Mwenye shamba, Mzee Paluku, alikuwa na farasi wa kijivu aliyemtoa Uganda. Huku kwetu farasi ni ajabu. Akipita, watu wanaacha kuvuna maharagwe wamtazame.

Mzee akafariki. Vitu vyake viligawanywa kwa ndugu, na tandiko likaenda kwa mdogo wake anayekaa Mavivi, kule Beni. Hana farasi. Alilitundika sebuleni.

Mjane, Mama Masika, akanipa kazi ya kupeleka bidoni za maziwa sokoni Musienene kwa farasi huyo. Aliniambia wazi: "Mutoto yangu, akipata kidonda namuuza. Na kazi yako inaenda naye."

Donc nikashuka Butembo kutafuta tandiko. Hakuna. Nikaishia kwa fundi wa viti vya pikipiki.

Alicheka sana. "Mukubwa, na plaque ya namba tutaifunga wapi?" Kisha akachukua mita, akanipima makalio.

Hapo ndipo tulipokosea wote wawili. Kiti cha pikipiki hupimwa kwa anayekikalia. Tandiko hupimwa kwa anayelibeba.

Lilikuwa zuri, sponji nene, nilikaa kama waziri. Lakini nilipolivua, manyoya juu ya uti wa mgongo yalikuwa yamesuguliwa, na karibu na mabega kulikuwa na madoa mawili makavu katikati ya jasho.

Wakuu, doa kavu la namna hiyo msilidharau. Ni mahali tandiko linapobana hata jasho linashindwa kutoka. Baadaye huvimba.

Likavimba. Mama akaona. Akasema Jumapili ipite, Jumatatu atatafuta mnunuzi.

Jumapili tulienda misa. Mlango wa zizi niliufunga kwa kamba, kwa fundo langu mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, wa kule juu, ule unaofanya hata kengele isikike kama iko mbali.

Tuliporudi, fundo lilikuwa vilevile. Ndani, farasi amesimama kimya, anatoa mvuke.

Mgongo ulikuwa na jasho. Mistari miwili mipana, kushoto na kulia, sawasawa, na njia kavu ikipita katikati juu ya uti. Hakuna doa. Hata pale palipovimba palikuwa pamelowa. Ila nyuma, upande wa kushoto, alama ilikuwa imekatika pembe.

Tandiko la Mzee lilikuwa limekatika pembe hiyohiyo.

Mama aliweka kiganja juu ya jasho. Akamuuliza farasi polepole, "Amekwenda wapi tena?"

Nilimpigia simu yule mdogo wa Mzee. Akasema tandiko liko msumarini, lina vumbi, kuna nini? Nikasema hakuna kitu.

Sikujua la kufanya, nikafanya lililokuwa mbele yangu. Nilitandaza gunia jeupe mgongoni, nikafuata alama kwa mkaa kabla jasho halijakauka. Halafu nikapinda waya mnene juu ya mabega yake mpaka ukashika umbo. Mama hakumtaja tena mnunuzi.

Safari hii fundi hakucheka. Aliuliza tu kama ile pembe airekebishe. Nikamwambia, "Hapana. Fuata alama."

Farasi alipopona, tandiko lilikaa. Mkono unapita wazi chini yake, juu ya uti, halichezi, jasho linatoka sawasawa. Wadogo zangu wako shule.

Funzo langu ni hilo: usichague tandiko kwa kulikalia. Pima mgongo wa mnyama, kisha acha jasho lake liseme.

Limebaki jambo moja. Jumapili farasi simpandi, na tandiko nalifungia stoo. Mimi ni mfupi. Mzee alikuwa mrefu. Kila Jumatatu nakuta vikuku vya kuwekea miguu vimeshushwa mpaka tundu la mwisho la mkanda.

Navipandisha, nafunga bidoni, tunakwenda Musienene.

Mliowahi kufuga farasi, semeni ukweli: kwenu mikanda hujishusha yenyewe?