Fomu Ambayo Mama Maana Hakuruhusiwa Kuisoma

Kama unataka gari lako livae neno lako mwenyewe badala ya namba za kupangiwa, huna ujanja: utapita mikononi mwa Mama Maana. Fomu ya ofisi yao ina kisanduku kilichoandikwa "Maana ya neno", na kwa miaka mingi mama huyu hajapiga mhuri kabla hakijamridhisha.

Andika "nalipenda tu" uone. Utarudishiwa fomu yako kabla wino haujakauka. Lakini mwenye maana yake hupokelewa kwa heshima zote. Mwalimu mmoja wa udereva aliomba BREKI, kwa kuwa ndilo neno analolipigia kelele kuliko jina la mkewe. Akapewa siku hiyohiyo. Mama mmoja aliomba NIMEACHWA, akaeleza kwamba amechoka kuulizwa. Mhuri ukashuka kwa kishindo, na Mama Maana akamsindikiza hadi mlangoni.

Waliomuumiza ni waume. Wanaume wazima, na vitambi vyao, waliomba majina ya wake zao na kuyaeleza kwa maneno matamu hadi karatasi inanata. Mama Maana aliwapitisha huku roho inamuuma. Mume wake mwenyewe, fundi makochi, hakuwa mtu wa maneno. Tangu waoane hajamwambia hata siku moja kwamba anampenda. "Chai ipo?" ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu.

Basi fundi akanunua pikapu kuukuu, akaaga asubuhi kwamba anakwenda kuiombea neno.

"Neno gani?" mkewe akauliza, chai ikimpalia.

"Utaliona."

Ataliona wapi? Kanuni zinamkataza karani kugusa faili la mtu wa nyumbani kwake. Fomu ikaenda dirisha la pili, kwa mwenzake aitwaye Mpole, ambaye kila siku Mama Maana humsema kwa kupitisha mambo hovyohovyo. Siku hiyo Mpole akakaza uzi.

"Kaka yangu, nionyeshe hata herufi ya kwanza."

"Thubutu, dada. Tena nimeshairudisha. Kwenye maana kaandika 'Mke wangu anajua.' Hapo nimpitishe kwa lipi?"

"Mimi najua nini?" Mama Maana akahamaki. Hakujua chochote. Siku tatu chakula kilimshinda. Kumuuliza mume ilikuwa sawa na kuliuliza kabati. Aliogopa, tena aliogopa hasa, kwamba neno lenyewe lingekuwa aina ya sponji au jina la timu ya mpira, na yeye aliyesoma mapenzi ya mji mzima angejua rasmi kwamba kwake hayapo.

Siku ya nne fomu mpya ikakubaliwa. Kila neno linalokubaliwa hubandikwa na maana yake kwenye ubao wa matangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mama Maana akavaa miwani, akajipenyeza katikati ya watu, akasoma:

"FOLENI. Nilipofuata leseni ya udereva, karani wa dirishani alinirudisha mara nne kwa sababu ya kuacha kisanduku kimoja wazi. Nilikuwa nakiacha makusudi, nipange foleni yake tena. Ndiye mke wangu."

Watu wakaangua kicheko. Mama Maana akashikilia ubao, machozi yakamtoka, wala hakujisumbua kuyaficha. Miaka yote hiyo alidhani ameolewa na mtu asiyejua kujaza fomu.

Jioni hakupita hata sokoni. Alikwenda moja kwa moja karakana, akamkuta mume amepiga magoti mbele ya kochi, vijisumari vimejaa mdomoni.

"Wewe mzee wewe! Mara zote nne uliniacha nikufokee makusudi?"

Fundi akatema vijisumari kiganjani, kimoja kimoja.

"Tatu," akasema. "Ile ya kwanza nilisahau kweli. Ukanifokea mpaka jasho likanitoka, nikasema huyu lazima nirudi nimwone tena."