Kifungu cha Miaka Kumi

Uchaguzi ulikuwa umekwisha na walioshinda walikuwa bado hawajaapishwa, lakini gari lao la matangazo lilishaanza kazi. Lilipita Ujiji asubuhi, likashuka Katonga, likarudi mchana, na maneno ya kwenye spika yalikuwa yaleyale: baraza jipya likiketi tu, litapitisha sheria ndogo ya mialo, wanakoshushia samaki, na ya masoko. Asiyeweza kuonyesha kwamba wazazi wake walizaliwa nchini hatapewa kibali cha kuuza, kuvua wala kufanya ufundi wowote. Wasio na kibali watapelekwa kwenye kambi za wakimbizi, waliko wenzao.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikishonea barazani mwa nyumba tuliyopanga. Kila mara gari lile lilipopita, mguu wangu ulisimama juu ya pedeli mpaka sauti ipotee.

Mume wangu alizaliwa Burundi. Aliletwa mgongoni mwa mama yake katika wimbi la zamani la wakimbizi, miaka mingi kabla ya hizi kambi kubwa, akakulia kijiji cha Kidahwe kwa baba mlezi, akichunga mbuzi wa watu na kuongea Kiha kama mtoto yeyote wa pale. Nilipokutana naye alikuwa fundi wa mitumbwi Bangwe. Hakuwa na karatasi hata moja. Tangu tuoane tulilijua jambo hilo na kulinyamazia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi. Boti zilifika kutoka ng'ambo ya ziwa zimejaa watu hadi ukingoni, malori yalipita mfululizo kuelekea Kasulu, muhogo ulipanda bei na kuni zikawa mbali. Majirani waliokuwa wakigawa uji mwaka wa kwanza walianza kusema wamechoka. Siwezi kuwacheka, maana hata mimi nilinung'unika kwenye foleni ya bomba. Ila waliposema "warudi kwao," nilikuwa nageuza uso.

Siku moja alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Katonga, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita boti ikiwa bado katikati ya maji. Alikuwa na kitenge mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi weka mkasi chini, chukua kalamu."

Alikaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa. Babu yake, alisema, alitoka Manyema na misafara. Baba yake alizaliwa Ujiji, chumba cha nyuma cha nyumba ambamo yeye bado analala, lakini siku ile hakukuwa na mtu wa kuandika. "Sasa niende kumwonyesha nani hicho chumba? Sheria hii ikipita, nusu ya Ujiji tunalala kambini."

"Lakini wameshashinda, mama."

"Wameshinda, waapishwe. Lakini mwenyekiti wao hapitishi sheria peke yake. Wanaopiga kura ni madiwani, na madiwani nawajua. Wanakula dagaa wangu."

Nilitaka kukataa. Nilimwambia nina kazi nyingi, sare za shule zimenizidi. Alinitazama, akapunguza sauti, jambo ambalo sikudhani analiweza. "Mumeo ni fundi wetu. Unafikiri sisi hatujui alikotoka?"

Sikulala vizuri siku nyingi baada ya maneno yale. Hakuyasema kwa kunitisha, lakini kama yeye alijua, nani mwingine alijua?

Tulikuwa wanawake watano. Tulikutana Katonga mchana, wakati wa kugeuza dagaa juani, tukainama pamoja tukigeuza na kuongea, ili mpita njia aone kazi tu. Wanne tulikuwa wenyeji, wapiga kura. Wa tano alikuwa msusi, mwanamke wa Kikongo aliyevuka ziwa miaka mitatu nyuma na binti yake mdogo. Kisheria alitakiwa awe kambini. Lakini alikuwa amejipatia kigoda chake chini ya ukuta wa ghala pale mwaloni, na wanawake walitoka mpaka mtaa wa Mwanga kuja kusukwa naye.

Niliandika barua. Tulibishana juu ya kila sentensi. Mama wa dagaa alitaka tuwatukane. Mimi nilitaka tuombe. Mwishowe barua ilisema kwamba sisi wananchi wa kata hizi tulipiga kura kuchagua madiwani, si kuchagua nani ni mtoto wa nani, na kwamba tunawataka waikatae sheria ile. Tulikubaliana wasaini wapiga kura tu, ili asije mtu akasema ni barua ya wakimbizi.

"Na weye je?" mama wa dagaa alimuuliza msusi.

"Miye nitaleta batu," alisema. "Jina yangu muache."

Akawaleta kweli. Sisi wengine tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukafungiwa milango, tukaambiwa turudi kesho. Yeye alikaa kwenye kigoda chake. Kichwa kimoja kilimchukua asubuhi nzima, na mtu ambaye nywele zake zimesukwa nusu hawezi kuondoka. Alimweleza taratibu, mstari baada ya mstari, na alipofunga uzi wa mwisho karatasi ilikuwa imeshatolewa na kidau cha wino kimefunguliwa. Karatasi zake zilijaa madole gumba ya buluu kuliko zetu wanne tukichanganya.

Mama wa dagaa aliweka dole lake la kwanza kabisa, juu, kubwa. Mimi niliandika jina langu ukurasa wa nne, katikati, kwa herufi ndogo. Kwamba nililificha makusudi sijawahi kumwambia mtu.

Kisha tukaanza kuwafuata madiwani. Mmoja alituambia kwa mlinzi wake kwamba amesafiri, nasi tukiona viatu vyake mlangoni. Mwingine alisoma barua yote, akasema yeye ataikataa hiyo sheria hata wakimfukuza, mama yake ni Mmanyema. Wa tatu ndiye tuliyemhitaji zaidi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa upande wa walioshinda, lakini mpole, na kulikuwa na madiwani wawili watatu waliokuwa wakimfuata kwa lolote.

Alitukaribisha ndani, akatuletea maji. Alisoma karatasi kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na alipofika wa nne kidole kikasimama.

"Huyu ndiye wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mumeo ni mtu wa wapi?"

"Kidahwe."

"Kidahwe ya kwa nani? Mimi nimefundisha Kidahwe."

Mama wa dagaa aliingilia kati kwa sauti yake yote, akaanza kumuuliza juu ya paa la shule. Mwalimu akamjibu. Lakini tulipokuwa tunatoka alinitazama tena, na mimi nilikwenda mpaka nyumbani nikihesabu alichoweza kukumbuka: sura ya mume wangu, jina la baba mlezi, mwaka.

Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo. Alikuwa akinoa randa yake. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo jina lako limo humo."

"Limo. Unataka nilifute?"

"Litafutikaje? Ni wino."

"Basi niambie unataka nifanye nini."

"Unaniuliza nikae au nikimbie. Nimeshakimbia mara moja, mke wangu, nikiwa sina hata jino. Sijui kukimbia kwa miguu yangu kunafanywaje."

Lakini siku nne baadaye nilikuta kapu lake la zana limefungwa kamba nyuma ya mlango. Wanaume wawili wasiojulikana walikuwa wamefika Bangwe wakimuulizia kwa jina. Aliposikia, mume wangu alitoka kwa nyuma, akapita vichakani, akapanda kuelekea Kidahwe. Nilibaki na watoto wawili siku tatu bila habari. Nikishona, nikikosea, nikifumua. Binti yangu mkubwa aliniuliza kama baba amekufa. Siku ya nne wale wanaume walikuja barazani kwangu wenyewe, kofia mkononi, wakaniamkia kwa heshima. Walikuwa wavuvi kutoka kusini. Mtumbwi wao ulikuwa umepasuka ubao na waliambiwa fundi ni yeye tu.

Nilicheka mpaka nikalia, na wale wavuvi wakatazamana. Kisha nikatuma mtu Kidahwe akamwambie mume wangu arudi, akarudi.

Siku mbili kabla ya kikao cha kwanza cha baraza jipya, mwalimu mstaafu alituita. Alikuwa na karatasi moja tu. Alisema sheria haiwezi kukataliwa yote, wenzake wameahidi mikutanoni. Lakini barua yetu imewatia wasiwasi wengi, na wanaweza kuongeza kifungu. Mtu aliyeishi hapa miaka kumi na zaidi, akileta mashahidi watatu wanaoheshimika, atahesabiwa mwenyeji na kibali atapewa.

"Mkikubali, ninazo kura za kutosha," alisema. "Mkikataa, sheria inapita kama ilivyo." Kisha, bila kunitazama, akaongeza, "Kidahwe mashahidi si tatizo. Hata mimi naweza kuwa mmoja."

Kumbe alikumbuka. Wiki zote zile nilizokuwa nikimwogopa, alikuwa amekumbuka na kunyamaza.

Tulirudi Katonga. Wenzetu walikuwa wakitusubiri kwenye dagaa, msusi akiwa mmoja wao, binti yake ameegemea goti lake. Mama wa dagaa aliwaeleza. Alipotamka miaka kumi kila mtu alielewa hesabu, na hakuna aliyethubutu kugeuza uso upande wa msusi na miaka yake mitatu.

"Tumpelekee jibu gani?" mama wa dagaa aliuliza. Alinigeukia mimi, mwandishi.

Ningeweza kusema tukatae. Ningeweza kusema turudi kwa mwalimu tukaombe kifungu kingine, cha miaka mitatu, cha mtu mwenye kazi, cha mtoto aliye shuleni. Hayo yote yalinijia baadaye, nikiwa peke yangu. Pale nilikuwa namwona mume wangu tu, akitembea barabarani mchana.

"Tukubali," nilisema.

Msusi ndiye aliyenijibu.

"Mukubali, mama," aliniambia. "Weye uko na bwana. Miye nilijua tangu mwanzo."

Sikumuuliza alijua nini.

Siku ya kikao tulijaa madirishani mwa ukumbi, wanawake wa Katonga, wa Ujiji, wa Bangwe, wengine na watoto mgongoni. Mwenyekiti mpya alisoma sheria kwa kujigamba, na alipofika kwenye kifungu kilichoongezwa alikisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa. Mikono ikanyooshwa. Mwalimu akanyoosha, na wale wake wakanyoosha. Nje, wanawake walipiga vigelegele. Mama wa dagaa alinikumbatia akaniinua kutoka chini, na mimi nikapiga kigelegele pia, huku nikitafuta kwa macho kama msusi yupo. Hakuwepo.

Mume wangu alipata mashahidi wake, mwalimu mmojawapo, na kibali chenye muhuri. Alikikunja akakitia mfukoni mwa shati, na kwa miezi kadhaa nilimwona akiugusa mfuko ule kila alipopishana na mtu mwenye sare. Hofu haikutoka kwa muhuri. Ilipungua kidogokidogo, kama homa.

Msusi hakusubiri kukamatwa. Alijiandikisha mwenyewe kwenye lori la kambini. Nilimsindikiza, nimembebea godoro. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, lakini lori lilikuwa limejaa na watu wanasukumana, na yeye alikuwa akihangaika kumtafutia binti yake mahali pa kukaa ambapo vumbi halitamzidi. Nilipitisha godoro juu. "Asante sana," alisema, kama anavyosema mtu kwa mpagazi.

Nilikwenda kumtembelea mara moja, baada ya masika, na gauni nililomshonea binti yake. Nilimkuta nje ya kibanda cha turubai, anasuka, na wanawake wanne wamejipanga wakisubiri. Alifurahi, au alionekana kufurahi. Aliulizia watoto, akaulizia mume. "Iko anatembea?" "Anatembea." "Vizuri." Gauni lilikuwa dogo, binti alikuwa amekua nami nilishona kwa kipimo cha zamani. Nilisema nitalirudisha nikaliongeze. Alisema liache, kuna watoto wengine wengi hapa.

Nilikaa kama saa moja. Nilitaka aniulize kwa nini nilisema tukubali, ili nimjibu. Hakuuliza. Vidole vyake havikusimama hata kidogo, na aliongea na yule aliyekuwa akimsuka kuhusu foleni ya maji na jinsi watakavyokwenda wote pamoja asubuhi kumwona msimamizi wa kambi. Aliposema "wote pamoja" alitazama wale wanne waliokuwa wakisubiri, mmoja mmoja, na wao wakaitikia kwa vichwa.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, yenye mafuta ya nywele. Mwaka uliofuata nilipouliza, niliambiwa amevuka kurudi kwao, wengine wakasema hapana, alihamishiwa kambi nyingine. Nimewauliza wengi. Sijapata jibu moja.