Vipimo vya Nekesa

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, mama yangu amesimama na mkasi mkononi katika nyumba yetu ya mtaa wa Mowlem, hajui akate wapi. Dada yangu Nekesa alikuwa anaolewa Jumamosi. Lesi ya gauni lake ilikuwa kipande kimoja tu, zawadi ya shangazi; ikiharibika, basi.

Kaka yetu Barasa, aliyekuwa akisomea kompyuta, alimwandikia Mama programu. Unaingiza vipimo vya mtu, kisha fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, inaongeza nafasi ya mshono, unapata vipimo vya kukatia. Asubuhi Mama alikata bitana, kitambaa cha ndani ya gauni, kwa vipimo hivyo, ikamkaa Nekesa vizuri. Mchana akaiomba programu vipimo vya lesi, kiuno kikaja kipana zaidi.

"Si ni Nekesa ameongeza mwili," Barasa akasema. "Mama, kata tu."

"Ameongeza tangu asubuhi? Wacha hizo!" Nilikasirika kwelikweli. Nekesa alikuwa ameanza kulia, na sikuwa tayari dada yangu abebe lawama za mashine. "Mama, weka mkasi chini. Sitoki hapa kabla sijajua shida iko wapi."

Barasa alikuwa amenifundisha kuandika programu kidogo (nami, usicheke, nilijiona bingwa). Nikaiendesha programu tena na tena, nikitazama vipimo vilivyohifadhiwa. Kila mara vilipanuka. Fanksheni ilikuwa imekabidhiwa vipimo vyenyewe, si nakala. Kila ilipoongeza nafasi ya mshono, iliiongeza juu ya vipimo vilivyohifadhiwa, ikamnenepesha Nekesa!

Barasa akaketi kando yangu. Tukaiandika upya, fanksheni ipewe nakala, tukarudisha vipimo vya kweli. Mama akakata. Jumamosi Nekesa aliingia kanisani gauni limemkaa sawasawa, nami nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Sisemi ugawe nakala kila mahali katika programu zako, mwanangu. Nekesa angekonda kweli, tungetaka kipimo chenyewe kibadilike. Lakini kabla ya kuita fanksheni, jua unaipa nini: kitu chenyewe au nakala yake. Kila lugha ya kompyuta ina desturi yake, na haitakuambia usipoiuliza. Na jibu la mashine likipingana na mtu aliye mbele yako, usimlaumu mtu haraka. Keti, uitafute kasoro mpaka uipate.

Mungu akubariki, na watakaoitumia kazi yako wasilie kwa ajili yake.