Siku Mbili za Babu Kambini

Mwaka ambao kijiji chetu, juu kidogo ya Gare, kiliandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa, babu yangu aliamua kugombea uenyekiti. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: alifungwa na Mwingereza wakati wa vita vya pili. Miaka miwili, alisema, kwa ukaidi wake, kambi moja na Wajerumani waliokusanywa kutoka mashamba yao. Nilikua nikiisikia habari hiyo kila tulipomenya viazi, na kila msimu ukaidi uliongezeka.

Mpinzani wake, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kwaya, akauliza mkutanoni, "Karatasi iko wapi?"

Babu akaninyooshea bakora. "Mjukuu wangu huyu anasoma historia chuo kikuu. Ataileta."

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, natembea na kalamu mbili mfukoni ili watu wajue. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Bomani Lushoto nilipelekwa kwenye stoo ya majalada ya zamani. Karani mwenye funguo alivitazama viatu vyangu vilivyong'aa. "Wasomi wote huanza kwa kupiga chafya," akasema, akaniacha na vumbi. Siku ya tatu nikalipata daftari la kambi: majina ya Wajerumani, orodha za blanketi, za sabuni. Na babu yumo, jina lake na la baba yake. Ila si kwenye orodha ya wafungwa. Kwenye orodha ya waleta mboga.

Chini yake mlinzi alikuwa ameandika maelezo marefu ya hasira. Jumamosi mleta kabichi aliambiwa atoke, geti linafungwa. Akajibu hawezi, bado hajaagana na watu. Kwetu huondoki mahali hivi hivi. Unamuuliza kila mmoja habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, naye akuulize. Babu alikuwa amefika kwa mfungwa wa kumi na moja. Mwingereza mwenye ufunguo wa geti akaona anacheleweshwa safari yake, akafunga, akateremka kwenda Tanga. Mleta kabichi akatolewa Jumatatu.

Ningeweza kusema daftari limeliwa na mchwa. Nusu yake ilikuwa imeliwa kweli. Lakini nilikuwa nimefundishwa juzi tu kuheshimu ushahidi, na kijana aliyefundishwa jambo juzi ni kiumbe wa hatari. Nilinakili yote, nikasimama mbele ya kijiji, nikasoma kwa sauti ya mhadhara. Nilipofika kwenye "mleta kabichi", babu alianza kuichunguza ncha ya bakora yake.

"Kumbe alifungwa kwa maneno mengi!" mzee wa kanisa akaruka. "Ndugu zangu, mnataka mwenyekiti asiyejua kuondoka?"

Mama mmoja muuza mapeasi akajibu kutoka nyuma, "Huyu mzee aliwauliza wafungwa habari za mifugo yao! Mimi mbuzi wangu wamekufa wawili, na hakuna kiongozi aliyeniuliza hata mkia. Mpeni huyu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mikono ikainuka mingi, babu akashinda.

Njiani nikampongeza. Hakugeuka.

"Wamenichagua huku wananicheka," akasema.

"Lakini babu, si umeshinda?"

"Miaka yangu miwili ilikuwa inanitosha vizuri. Wewe ilikuwa inakuwasha wapi?"

Swali hilo chuoni hawakuwa wamelifundisha. Tukapanda kilima. Karibu na nyumbani akasimama, akahema.

"Kesho urudi bomani. Huenda kuna daftari jingine."

Nilijua hakuna, stoo nzima nilikwisha kuipekua. Hata hivyo asubuhi nikaenda, nikakaa kwenye vumbi mpaka saa kumi nikisoma hesabu za sabuni, kwa sababu aliyekuwa akinisubiri barazani alikuwa bado anatumaini.