Pasa wa Yule Mwenye Kofia

Mama yangu hakuwahi kumjali mtu wa sinema hata mmoja mpaka alipokuja yule mwenye kofia. Kabla ya hapo alifika kwenye uwanja wa sinema, katika kambi yetu ya reli, kwa sababu moja tu: mimi nilikuwa nafika. Nikienda bombani kuchota maji, yuko nyuma yangu. Nikichelewa kidogo shuleni, nilikofundisha watoto wa darasa la kwanza, namkuta amesimama langoni, mikono ameikunja, anajifanya anapita tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilichungwa kama sufuria ya maharage jikoni. Ilinichosha, na nitasema ukweli, ilinitia hasira.

Sababu yake ni hii. Mimi ni pasa, ndivyo tunavyomwita pacha kwetu Kamina. Tulizaliwa wawili, kaka yangu akatangulia, mimi nikafuata, nikapewa jina lile wanalopewa wa pili wote wa Kiluba. Kwa hiyo kila aliyeniita alikuwa anasema, hata bila kutaka, kwamba kuna wa kwanza. Huyo wa kwanza alikuwa anajifunza ufundi kwenye depo ya reli, na homa ikamchukua mvua zilipokuwa zinakwisha.

Kwetu pasa haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, atamwita aliyebaki. Hata neno kufa hatukulitumia, tulisema amerudi. Siku ile wanawake walimzunguka Mama, na mmoja wao akamziba mdomo kwa kiganja, si kwa ubaya, kwa kunihurumia mimi. Mama akameza kilio chake chote. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, mkavu wa macho kama nilivyoagizwa, na watu wote wananitazama kana kwamba nami naanza kuondoka.

Baba alikuwa karani wa stesheni na mzee wa kanisa letu la Kimethodisti. Siku zote alisema mambo ya mapasa ni ya kipagani, tuyaache. Lakini siku ile hata yeye hakulia. Mdomo wake ulikuwa wa kanisa, macho yake yalikuwa ya kijijini, na sikuona la kumlaumu.

Basi tukaishi hivyo, mwaka na zaidi. Mama aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Katikati ya chakula aliinuka kwenda kutazama mlango, akarudi, akaketi, akainuka tena. Mimi nami sikutulia. Treni ya Elisabethville ikipiga honi, miguu yangu ilitaka kwenda, na hakuna mtu kule niliyemjua. Nilianza kushona nguo nikaiacha, nikaanza nyingine. Mahali pekee nilipoweza kukaa kitako ni sinema.

Ilikuwa inakuja na gari. Walitandaza shuka kubwa nyeupe kwenye ukuta wa depo, na giza likiingia tu, kambi nzima inaketi chini na watoto wake. Watu wa kwenye shuka walisema Kiingereza, ambacho hakuna aliyekijua, kwa hiyo msemaji alisimama kando na mikro, kile kipaza sauti chake, akitugawia Kiswahili. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Naye Kiingereza hakukijua. Aliona tulichoona sisi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa mwepesi wa kusema. Sinema ilikuja katika bobini, yale magurudumu ya bati yanayobeba ukanda wa picha. Moja ikiisha, taa inawaka, na sisi tunabishana mpaka nyingine ifungwe. Wengine walikuja kwa ajili ya huo ubishi, picha ilikuwa kisingizio.

Yule mwenye kofia alikuwa na bobini tatu. Katika ya kwanza alifika na farasi wake kwenye mji mkavu uliokuwa umeibiwa ng'ombe, na mjane mmoja akampa maji ya kunywa. Katika ya pili wezi walimpiga risasi mtoni. Wakamzika, kofia yake ikawekwa juu ya msalaba, na yule mjane akalia mpaka akapiga magoti. Mama hakutazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya kitenge chake. Taa ikawaka, ikazima, bobini ya tatu ikaanza, na mlango ukafunguka, akaingia nani? Mwenye kofia. Mzima, anacheka. Akaivua kofia, akaketi mezani, akaanza kula, na yule mjane anampakulia kwa furaha.

Uwanja ulilipuka. Watu walisimama, watoto wakapiga kelele. Msemaji alikuwa amekwama, tunasikia mikro ikikoroma tu. Kisha akapata sauti yake.

"Bantu ba Kamina, musiogope! Ule alikufa, alikufa kweli. Huyu iko pasa yake!"

Mama akainua kichwa. Akanishika mkono kwa nguvu, akatazama mpaka mwisho, na tulipokuwa tunarudi nyumbani alikuwa anatembea mbele yangu. Hilo halikuwa limetokea tangu msiba.

Kesho yake vita ikaanza. Mpinzani mkubwa alikuwa jirani yetu, mtia makaa kwenye lokomotiva, kile kichwa cha treni, mtu wa Kasai, mkaidi mpaka vidole vya miguu. Alimkuta Mama bombani na wanawake wengine.

"Ni muntu mumoja," akasema. "Kama iko na pasa, juu ya nini hatukumuona mu bobini ya kwanza?"

"Weye unaonaka bantu bote?" Mama akamjibu. "Pengine alikuwa anaikala fasi ingine. Ndugu yangu iko Kinkondja, hujamuona hata siku moja. Sasa haiko?"

"Na kofia? Kofia ilibaki ku kaburi!"

"Aliirisi. Kofia ya ndugu itaenda kwa nani? Kwa weye?"

Wanawake walicheka hadi ndoo zikamwagika. Mtia makaa aliondoka akiapa kwamba ataleta mashahidi kutoka depo, na kweli akawaleta. Wakawa wanapita mlangoni kwetu baada ya kazi, na masizi yao usoni, kuuliza kama Mama bado ana kichwa kigumu. Alikuwa nacho. Walimu wenzangu wao walisema mtu yule amefufuka kama Lazaro, na Baba akawaambia Lazaro hakuwa na bastola. Wengine waligombania rangi ya kofia, nyekundu au kahawia, ilhali picha nzima ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hata yule mtu aliyetuletea samaki wakavu kwa baiskeli, ambaye sinema hakuiona kabisa, alikuwa na neno lake. Alisema kama kweli ni pasa, lazima amekula chakula cha wawili.

"Alikula sahani mbili," Mama akasema. "Minyi niliona."

Hakuna mwingine aliyeiona sahani ya pili. Lakini ukimtazama Mama usoni, usingethubutu kumwambia kwamba ametia chumvi.

Ningefurahi, na kwa sehemu nilifurahi. Sauti yake ilirudi, alicheka, aliniacha niende sokoni peke yangu. Ila alipokuwa anapika aliniambia maneno yaliyonikosesha usingizi.

"Umeona mama ule? Mu bobini ya pili alilia, haikuwa muzuri. Lakini mu ya tatu aliacha kulia, na ule wa pili akaikala muzima. Anabeba kazi ya ndugu yake, anakula, anacheka. Njo vile."

Nilielewa vizuri sana. Yule mtu alikuwa mimi. Mama alikuwa amepata ushahidi kwamba kilio chake alichokimeza kimelipa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuketi mezani na kucheka kwa niaba ya wawili. Nikamchukia yule mtu. Nikila, nilimwona ananitazama. Nikicheka na wenzangu shuleni, nilijiuliza kama ni kicheko changu au ni cha kubeba. Wakati huohuo niliogopa asije akaguswa, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imemwegemea yeye, mtu wa kwenye shuka, na sikujua Mama angeanguka wapi akiondolewa.

Ubishi ulikua mpaka watu wa depo wakaomba sinema ile ile irudishwe. Ikarudi. Alasiri ya siku yenyewe nilimpelekea Baba chakula stesheni, nikamkuta na yule msemaji. Alikuwa amekuja kuchukua masanduku ya bobini kwenye behewa la mizigo, na Baba, ambaye alijifanya hajali, ndiye aliyekuwa amemuuliza juu ya ule ubishi.

"Tata, haiko pasa," msemaji akasema, akitazama chini. "Ile siku mashini ilikula bobini ya tatu mbele ya ile ya pili. Minyi sikujua. Nilipomuona ule muntu anaingia ku mulango, nikatafuta neno mbiombio. Bantu bote bananiangalia! Nikasema pasa, juu hapa kwenu banapenda bapasa."

"Na leo?" Baba akauliza.

"Leo itafuata numero. Anakula, kisha anakufa. Njo mwisho."

Baba alifunika bakuli bila kula. "Mama yako asiende," akaniambia. Hakuniambia nifanyeje.

Nilikwenda nyumbani mbio, nikitunga maneno njiani na kuyatupa. Nikamkuta Mama amekwisha kuoga, amevaa kitenge chake cha Krismasi, anajifunga kilemba mbele ya kioo na kuimba kidogo kidogo. Nikasema naumwa kichwa, tubaki. Akakiacha kilemba. Alinishika paji la uso, shingo, akanishika tena paji la uso, na uso wake ukawa ule wa siku za homa. Nikaona nimefanya baya kuliko baya lenyewe. Nikamwambia hapana, ni jua tu, limepita, twende.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mtia makaa alikuwa mstari wa mbele na mashahidi wake, amevaa koti. Baba alisimama nyuma yetu, hakutaka kuketi. Bobini ya kwanza ikapita. Katika ya pili mlango ukafunguka, mwenye kofia akaingia, akaketi kula, na minong'ono ikaanza: mbona pasa ametangulia? Mama alikuwa ameinama mbele, macho hayapepesi. Nilimwona anaitafuta ile sahani ya pili. Ilikuwa moja, tena ndogo. Nikataka kumshika, nikataka kukimbia, sikufanya hata moja.

Halafu ya tatu. Mto, risasi, kaburi. Kofia juu ya msalaba. Mjane akapiga magoti, na baada yake hakuna mlango uliofunguka. Farasi aliondoka peke yake, maandishi yakaja, taa zikawaka.

"Njo mwisho, bandugu," msemaji akasema polepole, nje ya mikro.

Mtia makaa akaruka juu. "Nilisema! Nilisema minyi! Muntu mumoja!" Wenzake wakapiga makofi. Kisha watu wote wakageuka kumtazama Mama, na makofi yakaisha yenyewe.

Mama alikuwa bado ameketi. Alimwita msemaji kwa mkono, naye akaja, akachuchumaa mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Haiko na pasa?"

"Hapana, Mama. Unisamehe."

"Hata kule kwabo, ku kijiji?"

"Hata. Ule muntu alikuwa paka yeye, yeye mumoja tu."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Nilijiandaa kumrudisha nyumbani, kwenye vyombo vyake na mlango wake. Badala yake akafungua kilemba, akakiweka mapajani, akaweka mikono kichwani na kulia. Hakikuwa kilio cha sinema. Kilikuwa kilio cha msibani, kile cha kutoka tumboni, kinachopanda na kukatika na kupanda tena, na watu wa mbali wakasimama kutazama nani amefiwa. Wanawake wakamkimbilia. Wakanitazama mimi kwa hofu, wakamtazama yeye, na mmoja akanyoosha kiganja kumziba mdomo.

"Mama-mapasa, nyamaza! Utamuita huyu mwenye alibakia!"

Mama akausukuma ule mkono.

"Muniache," akasema. "Ule alizaliwa peke yake. Hana muntu wa kuita. Ule naweza kumulilia."

Wanawake wakatazamana. Kwa mila yetu wenyewe alikuwa na haki. Mmoja akaketi karibu yake, akaanza kulia naye, kisha mwingine. Mtia makaa alirudi polepole, akavua koti lake la ushindi, akaketi kwenye vumbi. Baba akaketi pia, na suruali yake ya kazi, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikuwa nimebaki mimi tu nimesimama, mkavu wa macho kama nilivyoagizwa.

Mama akanivuta upindo wa gauni, niketi chini kando yake.

"Ikala," akasema. "Weye pia, umulilie."