Kidole cha Wambui na Mtihani wa Mjomba

Enzi zetu redio haikuwa na haraka ya kusema. Uliiwasha, valvu, zile chupa za kioo ndani yake, zikaanza kuiva polepole kama makaa, nasi tukangoja juu ya magunia. Vijana wa leo video ikikwama kidogo tu wanatukana mnara!

Mjomba Karanja, ndugu yake mama, alikuwa mtu wa simu ya upepo jeshini. Aliporudi aliajiriwa kiwandani, kwenye shamba la kahawa Ruiru, na akaanza kusomea leseni ya redio ya ridhaa ili aongee na dunia kwa sauti yake. Miaka ile ya kafyu ya mkoloni mtu wetu hakuaminiwa hata na tochi, sembuse mtambo. Kibali cha mtihani alipewa cha mara moja tu.

Kumbe mtihani ulitaka na transista, mdudu mpya mwenye miguu mitatu. Alinunua moja Thika, akaifunga kwa mazoea ya valvu, chanya mahali pa hasi. Ikafa papo hapo.

"Hii kitu imekufa na hata haijasema kwaheri?" Cucu, nyanya yetu, akauliza. Tulicheka, lakini Mjomba hakugusa ugali jioni ile.

Kesho yake alitupanga kando ya mfereji wa kuoshea kahawa, tuwe ile miguu mitatu ya transista. Dada yangu Wambui alikuwa emita, mimi besi katikati, kaka yetu Kamau kolekta. Kidole cha Wambui ndicho kilikuwa mshale unaochorwa kuonyesha aina ya transista. Kikinielekea mimi, ni PNP, Kamau anashika hasi ya betri. Kikielekea nje, ni NPN, anashika chanya. Tuliimba hivyo mpaka giza likaingia, maji yakipita na harufu ile chachu ya kahawa ikitulevya. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Mjomba alipita mtihani. Alituambia kwamba swali la mshale lilipokuja alifumba macho, akamwona Wambui amenyoosha kidole.

Siku hizi mjukuu wangu ana simu yenye transista zisizohesabika, na hajui hata moja. Mimi nilizijua zangu kwa majina. Wambui ametangulia, Kamau akamfuata. Nikisikia maji ya mfereji bado nasimama katikati, nangoja kidole kinielekee.