Radi Iliyomtangulia Muuaji

Kwa miaka ishirini na sita, seremala wa ukumbi ule wa maigizo ndiye aliyekuwa pia akitengeneza hali ya hewa. Waigizaji walimwita Mzee Radi. Nyuma ya pazia alikuwa na bati refu lililoning'inia kwa kamba. Akilitikisa, mbingu zinanguruma.

Safari hii mchezo ulikuwa wa mfalme anayeuawa usingizini, nyumbani kwa mtumishi wake mwenyewe. Baada ya hapo dunia inakwenda kombo: jua linagoma kuchomoza, bundi anamuua mwewe, farasi wa mfalme wanavunja zizi na kutafunana. Watazamaji hawayaoni hayo. Wanayasikia tu, na wa kuwasikizisha alikuwa Mzee Radi.

Kumbe mwenyewe alikuwa hasikii. Miezi kadhaa alikuwa akisoma midomo ya watu na kuitikia "ndiyo, ndiyo" hata pasipostahili. Hakumwambia mtu, maana aliogopa wasije wakamweka pembeni na kuleta radi ya kinasa sauti.

Kwenye mazoezi ya mwisho akaumbuka. Mfalme bado yuko mezani anamsifu mwenyeji wake, mara bati likanguruma.

"Mzee wangu," mwongozaji alisema, akijikaza asicheke, "mfalme hajamaliza hata kula, mbingu zimeshakasirika?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye alilikumbatia bati linyamaze, jasho likimtoka.

Binti yake, mshonaji wa mavazi ya mchezo huo, hakucheka. Alimfuata karakana, akasimama nyuma yake, akamwita mara tatu. Mzee aliendelea kupiga randa. Binti akazunguka mbele yake.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Kesho asubuhi tunakwenda zahanati."

Alikwenda kama mtu anayepelekwa kusomewa hukumu. Muuguzi alimulika sikio la kwanza, akamulika la pili, akaguna.

"Baba, humu umehamishia karakana nzima."

Ilikuwa nta iliyogandamana na vumbi la mbao. Kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano, vipande vyeusi vikaanza kudondoka kwenye beseni. Mara akasikia viatu vya muuguzi vikikwaruza sakafu, kisha binti yake akivuta kamasi.

"Nilidhani nimekwisha," mzee alisema.

"Hata mimi, baba."

Siku ya onyesho alisimama kwenye bati lake, akasikiliza. Muuaji alipotoka chumbani mwa mfalme, alimsikia hata akimeza mate. Akamwacha apige hatua mbili, ndipo akaipasua mbingu. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliudaka mkono wa mumewe.

Mwongozaji alipokuja kumpongeza, mzee alimweleza yote.

"Sasa si ungeniambia tu?" mwongozaji alisema. "Ningekufungia taa ndogo ya kukupa ishara."

Miezi yote ile, wazo hilo halikuwahi kumjia. Alicheka mpaka akakaa chini.